Namba Nyekundu

Sherbaz hulaza mbuzi kivulini
chini ya stupa iliyochongwa mwambani,
kuba lake halizidi sinia ya chai.
"Babu aliikuta," asema, "nami sikuifuta.
Mgeni hafukuzwi kwa kuwa amekawia."

Bondeni, mto Indus unasaga korongo,
maji rangi ya saruji.
Kando ya kuba, namba nyekundu, haijakauka vyema:
watu wa bwawa walipita Jumanne.
Maji yatafika hapa, yatapita,
yataingia hadi jikoni kwa mama yake.

Namuuliza atahamia wapi.
Anampangusa vumbi Budha mdogo aliyeketi pembeni,
kwa ncha ya shali,
puani, masikioni, kama mtoto wa shule.
"Huyu hajui kuogelea," asema.
Kisha, akihesabu mbuzi: "Hata mimi."