Mizani ya Mwakaleli

Kumi na saba nukta nne.
Hapo namba iliganda, Jumanne asubuhi,
na kapu la Sekela Mwaisumo likabaki likining'inia kwenye ndoano
kama swali lililosahauliwa na aliyeliuliza.
Foleni nyuma yake ikapiga miayo yenye moshi wa baridi.
Nsajigwa, karani, akachomoa waya, akauchomeka,
na zile kilo zikaenda ziendako ndoto ukiamshwa.

"Mashine yenu inaogopa ukungu," wakasema.
Nikacheka kidogo. Mimi ndiye niliyekiandika kiini chake,
mistari elfu tisa, kwa mkono huu,
katika chumba cha kupanga pale Uyole,
miguu ndani ya beseni la maji ya moto.
Kiini hakijui ukungu. Kinajua kufuli na hodi.

Kufuli: anayeandika uzito kwenye daftari la ndani
hulifunga kwanza, wawili wasije wakachanganya wino.
Hodi: redio ikipata neno kutoka kiwandani
hubisha, na kila kazi huachwa palepale,
hata kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni,
mgeni asikilizwe.
Desturi nzuri. Mama angeipenda.

Nilikesha mara tatu nikipanda na kushuka mistari ile
kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele uliokwisha kuchambuliwa.
Nikapima umeme. Nikalaumu betri.
Nikailaumu Njombe ilikonunuliwa betri.

Ijumaa Sekela akanishika mkono wa koti.
"Wewe fundi, haifi kwa baridi.
Inakufa ile taa ya kijani ikipepesa
kabla namba haijatulia.
Mimi husimama hapa kila siku, nina nini kingine cha kutazama?"

Kabla namba haijatulia.

Nikakaa juu ya gunia, nikaliona lote:
mwenyeji yuko chumbani, ameshika ufunguo, anaandika;
hodi inapigwa; anaganda, kalamu hewani;
mgeni anaingia, anamkalia mapajani,
anasema, Siondoki mpaka nipewe ufunguo.
Na ufunguo uko mkononi mwa aliyekaliwa.
Anayengoja ndiye anayekizuia anachokingoja.
Wote wawili wana adabu. Wote wawili hawatatoka humo
hadi mtu achomoe waya.

Na ukungu? Ukungu hula mawimbi; kiwanda hurudia neno
mara nne, mara tisa, hodi juu ya hodi,
mpaka moja inaangukia kwenye ule upenyo
mwembamba kuliko ukingo wa jani la chai.
Basi waliosema ukungu hawakukosea.
Nilikosea mimi kucheka.

Dawa ni mistari miwili: ziba masikio, ndipo ushike ufunguo;
achia ufunguo, ndipo uyazibue.
Nikaiweka, nikalala vizuri, na Jumamosi ikaganda tena,
kwa kuwa kuna mlango mmoja hupitiwa na aliyekwisha kuziba,
nami nilikuwa nikimzibua kabla ya wakati wake.
Kwa hiyo: kumbuka ulivyoyakuta.
Yarudishe yalivyokuwa, si unavyodhani.
Na mgeni nikamfunza aandike jina ukutani, aende zake;
ataitwa kazi ikiisha.

Jumatatu, ukungu mzito, hata Mlima Rungwe haukuwepo.
Kapu likapanda ndoanoni. Taa ikapepesa. Ikapepesa tena.
Ishirini na moja nukta mbili.
Nsajigwa akaandika.
Mimi nikaanza kukunja nyaya zangu, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kusifiwa.
Sekela hakunisifu. Alikaza kitenge kiunoni, akaniangalia:
"Sasa ile kumi na saba nukta nne
inarudishwa na nani?"