Soseji Kumi na Mbili

Unga nusu kilo, siagi iliyolala kwenye friza,
maji ya barafu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili.
Hiyo ndiyo siri yote. Siri nyingine ni saa:
Mombasa siagi haimsubiri mtu.
Ikigonga saa mbili, hapa Kibokoni,
jua lishapanda ngazi hadi jikoni kwangu, ghorofa ya tatu,
na ulichokuwa ukikikunja kimekuwa uji.

Basi niliamka kabla ya adhana.
Nikasukuma, nikakunja mara tatu
kama leso ya kurudishwa sandukuni,
nikaupumzisha unga, nikasukuma tena.
Mume wangu akauliza kizani, "Wafanyani?"
Nikamwambia nakunja leso.
Akalala.

Leo waja kumposa Swabra.
Watu kumi na wawili, ndivyo walivyosema,
nami nikanunua soseji kumi na mbili, za ng'ombe,
kila moja vipande vitatu,
kila mgeni vipande vitatu,
hesabu iliyonyooka kama uzi wa fundi.

Saa nne simu ikalia.
"Twaja, lakini shangazi zake wa Likoni nao wanataka kuja,
na wa Tudor wakisikia wa Likoni wamekuja..."
"Mko wangapi?"
"Hatuzidi arobaini."

Nikachukua kisu.
Kila kipande nikakigawa tena,
soseji zikawa kama pingili ya kidole gumba,
nikazifunika, vichwa nje, miguu nje,
kitoto kichanga katika leso ya nyanyake.
Kiini cha yai juu, kwa brashi.
Habasoda kidogo, isije ikasemwa nyumba hii hatuna habasoda.

Nyama ikesha.
Unga haujesha.
Unga uliokunjwa tangu alfajiri hautupwi,
nikafunga nane tupu, ndani achari ya ndimu,
nikazitoboa kwa uma, matundu matatu kila moja:
hizi zetu, za watu wa nyumbani.

Moto mkali, dakika ishirini.
Zikavimba, zikajichambua tabaka tabaka,
harufu ikashuka ngazi kabla yangu,
paka wa jirani akaja kuuliza hali.

Twalib, kijana wangu, ndiye aliyepanga sahani.
Alipanga vizuri. Duara ndani ya duara.
Matundu hakuyaona, na mimi sikumwambia.

Sebuleni wanaume wamefika kwenye mahari,
sauti zapanda, zashuka kwa adabu.
Bi Shekuwe, mamake bwana harusi,
akanyoosha mkono wenye hina mpya,
akapita zote,
akachukua yenye matundu matatu.

Nilikuwa nimeshika jagi la sharubati ya ukwaju.
Sikuweza kumimina.
Aliuma. Akatafuna.
Akaitazama ndani, kama mtu anayechungulia kisima.
Kisha akaimaliza yote, akajifuta mdomo,
akasema anataka kunawa mikono.

Jikoni akafunga mlango.
"Yangu mimi," akasema, "mwenyewe hayuko nyumbani."
Nikaanza kuomba radhi; akanizuia kwa kiganja.
"Siku ya hitima ya kijana wangu, aliyekuja kuposa leo,
nilipika katlesi mia.
Nyama ilipita kwa mbali, ikasalimia, ikaenda zake.
Watu walikula, wakaniombea dua.
Zimebaki ngapi za aina hii?"

Saba, nikasema. Kama hazijaliwa.
Nikamtuma Twalib; akarudi na nne.
Tukala tumesimama kando ya sinki,
makombo yakituangukia kifuani,
yeye kwenye buibui lake la zari,
mimi kwenye dera lenye doa la yai.

Huko nje mtu akacheka, mtu akasoma Fatiha.
Nadhani walikubaliana.

Bi Shekuwe akalamba kidole, taratibu.
"Unga huu unaukunja mara ngapi?"
Mara tatu, nikasema, kwa fahari.
Akatengeneza mtandio wake mbele ya kioo cha kabati.
"Mimi," akasema, "hukunja nne."