Kuanzia Kwenye Mwaloni

Mwaka ule theluji ilianguka mpaka Aprili.
Nilikuwa mpima ardhi wa Chuo Kikuu, mjini Corvane, jimbo la Ohio,
nikapewa hati ya Bi Ludmila Hrabovsky,
namba kumi na nne, Mtaa wa Tanuri.
Wino wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai:

*Kuanzia kwenye mwaloni mkubwa kando ya njia,
kwenda mashariki futi mia na ishirini,
kisha kusini hadi uzio wa Mjerumani.*

Mjerumani alishakufa. Uzio uliliwa na kutu.
Mwaloni nao? Nilizunguka mtaa mzima na darubini yangu ya miguu mitatu,
nisione hata jani.

Mwanasheria wa Chuo, Bwana Prewitt Langacre,
alinisomea kifungu kama anayesoma orodha ya vyakula:
Bodi yaweza kununua,
na mwenye mali akikataa, yaweza kutwaa
ardhi yoyote ihitajikayo kwa shughuli za Chuo,
kwa fidia ya haki.
"Inahitajika kwa lipi?"
"Maegesho. Magari mia mbili na sitini."
Akakifunga kitabu. Hakikutoa vumbi.

Baadaye ndipo nilipomjua aliyekuwa akikipangusa:
miaka thelathini na mmoja, zamu ya usiku,
maktaba ya Kitivo cha Sheria, rafu kwa rafu.
"Nilikuwa nakiinua," aliniambia Bi Ludmila,
"nafuta chini yake, nakirudisha.
Kizito kile. Nilidhani ni karatasi tu."

Mahakamani jaji alivua miwani.
"Siulizwi kama ni busara. Naulizwa kama wanayo mamlaka.
Wanayo."
Akaivaa tena.
"Lakini huwezi kutwaa usichoweza kukitaja.
Mpaka huu unaanzia wapi?"
Wote wakanigeukia mimi.

Miezi saba kesi ikasimama juu ya mti usiokuwepo.
Majirani wakaanza kuusalimu kama diwani wao:
"Mwaloni hajambo leo?"
"Hajambo, bado hajaonekana."
Muuza donati akachora picha yake dirishani,
akautia na miguu, unakimbia.

Novemba, Bi Ludmila akanipigia simu. Njoo peke yako.
Alinipeleka baraza ya nyuma, penye mashine ya kufulia,
akakunja zulia la plastiki, akang'oa ubao kwa bisibisi
kama mtu aliyekwisha kuung'oa mara nyingi.
Kisiki. Kipana kama sinia la arusi,
kimekauka, kimepasuka katikati.
Baba mkwe wake aliukata mti, akajenga baraza juu yake.

Nikamwambia, na kazi yangu ingeweza kuniponyoka kwa neno hilo:
"Bibi, rudisha ubao. Ukinyamaza, hawana pa kuanzia."

"Ramani yao nimeiona," alisema.
"Imenipunja futi kumi na moja.
Mume wangu alizilipia mbele ya moto wa tanuri, usiku, majira ya joto.
Kama wananichukulia, wanichukulie yote.
Sitaki kipande changu kibaki huko nje
hakina jina, kinakanyagwa bure."

Nikapima. Futi kumi na moja, na inchi nne.
Fidia ikapanda kidogo, bei ya gari kuukuu.
Alitia saini kwa kalamu yake mwenyewe,
ya Chuo akaisukuma kando.

Sasa pana lami, na mistari myeupe.
Nafasi ya themanini na saba, gurudumu la kushoto la mbele:
kisiki kilikuwa hapo. Sijamwambia mtu.

Alinipigia mara moja tu, kutoka kwa bintiye, Toledo.
Hakuuliza habari za nyumba.
"Waliandika? Na zile inchi nne?"
"Waliandika."
"Soma."
Nikaitafuta hati mpya, nikavuta kiti,
nikamsomea tangu mwanzo.