Kabla Hatujafunga

Rejeta imetoka, Bwana Gwabusa.
Njoo uchungulie. Umeuona ukoko?
Utingo wako alikuwa akijazia maji ya chemchemi,
na wewe, mpika chumvi, mwana wa mpika chumvi,
uliyezaliwa Uvinza moshi wa kuni ukiingia dirishani,
unaniuliza huo weupe umetoka wapi!

Mpya hii hapa, bado inanukia boksi.
Unataka saa nane niwe nimefunga,
saa kumi uwe Nguruka.
Nitafunga. Ila tazama kwanza
uwazi ulioachwa hapa mbele:
mkono wangu huu mnene unafika leo
mahali ambapo siku zote hufika kwa matusi.

Shika mkanda wa feni. Ukunje.
Umeuona ulivyopasuka tumboni, kama kisigino cha kiangazi?
Shika pampu ya maji. Itikise. Beringi inacheza,
na hapa chini kuna chozi la kijani
lililokauka zamani, wala hukuambiwa.
Hosi ya juu imekakamaa. Hiyo simwogopeshi mtu nayo.
Ya chini ibonyeze: laini, ndizi iliyolala njiani.
Hiyo ndiyo itakayokuaga usiku.

Kesho, unasema.
Mwaka jana kesho yako ilikukuta Malagarasi, karibu na daraja,
mkanda umekatika, mvua ya Machi, turubai lina tundu.
Nilikuja kwa pikipiki, spana mgongoni,
nikakuta magunia yamesinyaa, nawe umeyakalia,
chumvi inachuruzika ubaoni, inashuka mtaroni,
siku tatu za kuni na macho mekundu
zinarudi kuwa maji.
Mkanda ulikuwa shilingi ngapi?
Usinijibu.

Akatoka nje kumpigia mkewe.
Nilimsikia akisema "pampu" mara nne,
kila mara kwa sauti ndogo zaidi.
Aliporudi alikuwa amevua saa, ameiweka kwenye boneti.
"Pampu na mkanda. Hosi utanikopesha."

Nimemkopesha. Themostati nayo nimeitia, sijamwambia.
Kulanti nimeichanganya kwa maji ya mvua
niliyokinga batini tangu Aprili.
Sasa ni saa kumi na moja, Nguruka imeshapita,
na kibano kimoja kimenidondoka mle ndani,
kimelia mara mbili, kikanyamaza.

Bwana Gwabusa, lete tochi.
Hatuwashi mpaka nikione.