Tambi Bila Sukari

Mikindani, siku ya tatu ya likizo,
baba akasema leo hatuli kwa mama ntilie.
Akavaa shati la Idi. Tukaingia kwa Mwitaliano,
vitambaa mezani, glasi zimefudikizwa.

Menyu aliisoma kidole kikifuata mstari,
vile asomavyo stakabadhi ya ghala, Tandahimba,
akitafuta makato.

Mama aliletewa tambi. Akaonja, akanyamaza,
akamwita kijana kwa upole:
"Mwanangu, mmesahau sukari. Na iliki."
Mfaume akacheka mpaka soda ikamtokea puani.

Zangu zilikuja na rojo la kijani.
Mama akainusa. "Hii si rehani?
Niliivaa kwenye kikuba siku ya harusi,
leo inaliwa?"
Likwata, mhudumu, lafudhi yake ya Newala,
akasema ndiyo mama, rehani, kitunguu saumu,
na korosho, vimetwangwa pamoja.

Korosho.
Baba akaweka uma chini,
akaitazama sahani yangu
kama mtu aliyekutana na mwanawe ugenini,
mwana kavaa suti, hamsalimii.
Akairudia menyu. Midomo ikahesabu:
kilo ngapi zile, za msimu upi,
tulizopalilia sote, hata Mfaume na jembe lake fupi.

Nikamsogezea sahani.
Alikula yote, akaifuta kwa mkate,
akalipa bila kuomba apunguziwe.

Mlangoni ndipo alipogeuka,
akamshika Likwata bega, sauti ya chini:
"Hizo korosho,
nani anawauzia?"