Mkia

Shaame kaniletea gari yake,
aliyoishusha hadi ikakwangua matuta,
ati kila akifika kona za Mzambarauni
mkia unataka kutangulia.

Alishalaumu tairi. Alishalaumu lami.
Mamake kashafukiza ubani ndani ya buti.

Nikamwambia: endesha, miye nilale nyuma,
sikio kwenye chuma, tochi mdomoni.
Kona ya kulia, kimya.
Ya kushoto: *ngo*, kisha kitu kikateleza
kama mtu anayejigeuza kitandani
asimwamshe mwenziwe.

Jeki. Matofali mawili.
Bushi nikazisukuma kwa mtaimbo, nzima.
Shokapu hazivuji.
Nikahesabu springi kwa kidole:
kulia, mizunguko mitano;
kushoto, minne na kipande,
ncha imeponyoka kitini, inang'ata hewa.

Mkato ule naujua.
Usiku wa kuamkia harusi ya Mize,
umeme wa Wete ukikatika, ukirudi,
miye na msumeno na haraka yangu,
Shaame kanishikia taa, anacheka.

"Umeona nini?" kauliza,
kichwa chini ya boneti,
kama kwamba ugonjwa uko huko.

Nikafuta mikono.
Nikafuta tena,
hadi kitambaa kikawa cheusi kuliko vidole.