Ringi za Baldomero

Asubuhi ya Julai, Talca. Baridi imegandia vioo vya maabara.
Nguzo ya nane imesimama kwenye mashine:
sentimita thelathini kwa thelathini, mita tatu kwenda juu,
nondo nane ndani, na ringi kila baada ya sentimita thelathini,
ncha zake zimekunjwa nusu tu, kama mkono wa mtu anayeaga huku keshageuka.
Vijana wanadhani vipimo hivyo nimevitoa kitabuni.

Tani arobaini: kimya.
Tani mia: imefupika kwa unene wa sarafu, basi.
Tani mia mbili, na Yanet ananong'ona,
"Haina hata ufa, profesa."
Simjibu.
Ufa si adui siku zote. Ufa ni mdomo.
Hii tumeishona mdomo.

Watu hudhani nguzo husagika kama pilipili kwenye kinu.
Hapana. Zege likikandamizwa kutoka juu
hutafuta njia ya ubavuni,
hutanuka kama tumbo la mla karamu,
na kazi ya ringi ni moja tu: kukataa.
Ringi haibebi mzigo. Inauzuia mzigo usitoroke.

Juzi, nguzo ya saba, ringi zilikuwa karibu karibu,
kulabu zimezamishwa ndani hadi kwenye kiini.
Ganda lilipukutika, tukapiga kelele, kiini kikabaki.
Ililalamika dakika ishirini,
ikapinda, ikaguna, ikapinda tena.
Dakika ishirini ni nyingi.
Unaamsha watoto, unambeba bibi,
unarudi kumchukua paka.

Tani mia mbili hamsini na tatu.
Sikusikia mlio, nilisikia mlango mkubwa ukifungwa.
Vumbi lilipotua, nondo nane zilikuwa zimebenuka nje
katikati ya ringi mbili, pale pasipo na wa kuzishika,
na kulabu zimefunguka zote.
Yanet ameshika kifua. Hakuna aliyeandika muda.
Hapakuwa na muda wa kuandika.

Baba yangu, Baldomero Catrileo, alikuwa mfunga nondo.
Koleo lake lilikuwa na mpini wa kitambaa cha buluu
na vidole vyake vilinuka kutu hata Jumapili.
Kwenye jengo la ghorofa nne, mtaa wa nyuma ya reli,
msimamizi alimwambia: chuma ni ghali, Baldo,
funga moja, ruka moja, zege litaficha.
Zege likaficha miaka kumi na sita.

Ardhi haisukumi kutoka juu peke yake.
Usiku ule ilivuta kando, ikarudisha, ikavuta,
na ghorofa ya chini ikawa haipo.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshika tochi na daftari,
nikihesabu ringi kwenye vifusi
kwa sababu sikujua kitu kingine cha kuhesabu.
Thelathini. Thelathini. Thelathini. Thelathini.
Kisha, upande wa ngazi, nguzo mbili zilizosimama,
zimechubuka hadi kwenye chuma, zimeinama kama walevi,
bado zimebeba kipande cha paa.
Chini yake walitoka watu kumi na mmoja.
Nikapima. Kumi na tano. Kumi na tano.
Kulabu zimekunjwa mpaka ndani.

Nilimuuliza mara moja tu, jikoni, akimenya viazi.
"Nilibakiwa na chuma," akasema.
Mfunga nondo habakiwi na chuma.
Hununua, kwa mshahara wake, kikiisha kimeisha.
Hakuinua macho. Ganda la kiazi lilikuwa refu, halikukatika.

Sasa tunafagia. Yanet ananiuliza
tuandike nini kwenye safu ya sababu.
Naokota kulabu moja iliyonyooka,
bado ina joto la kuvunjika,
naitia mfukoni mwa koti.
Andika nafasi ya ringi, namwambia.
Na kesho tumwage zege la nguzo ya tisa:
kumi na tano.
Nataka kujua ilimpasa kununua ngapi zaidi.